Maswali na Majibu: Anayemhudumia Mzee Naye Anapochoka

Mwezi huu nimepokea barua nyingi kutoka kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwahudumia wazee: wauguzi, wahudumu wa makazi ya wazee, na wale wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Nimechagua nne, kwa sababu zote zinazunguka jambo moja ambalo mimi mwenyewe, katika miaka 31 ya uuguzi, nililijua jina lake nikiwa nimekaribia kustaafu: uchovu wa kazi, ambao kwa Kiingereza huitwa "burnout".

SWALI

Mama, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa 7 katika makazi ya wazee. Tupo wahudumu 4 kwa wazee zaidi ya 30, na mmoja wetu yuko likizo ya uzazi. Zamani nilikuwa nafika kazini kabla ya saa yangu, nawasalimia wote kwa majina. Siku hizi nikiamka nakaa ukingoni mwa kitanda karibu nusu saa, naviangalia viatu. Wiki iliyopita bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau aliniuliza kwa mara ya 9 mwanawe atakuja saa ngapi. Nilimvuta mkono kwa nguvu, nikamkalisha, nikamwambia mwanao alishakufa. Alilia kama mtu aliyepata habari ya msiba saa ile ile, nami nikaenda kulia chooni. Je, nimekuwa mtu mbaya, au kazi hii imenishinda?

*Mhudumu, Kanda ya Ziwa*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na bibi, kisha nije kwako.

Mweleze afisa mfawidhi kilichotokea kabla hajakisikia kwa mwingine. Mkono wa bibi utazamwe, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyepesi na hupata michubuko hata kwa kushikwa tu. Kisha umwombe radhi, ingawa huenda amesahau, maana kumbukumbu ya tukio huondoka mapema na hofu yake hubaki. Siyasemi haya ili nikuongezee mzigo. Nimewaona wenzetu waliolificha tukio la kwanza, na la pili likawajia kwa urahisi zaidi.

Sasa wewe. Hali unayoieleza iliandikwa mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure jijini New York na kuwaona wenzake waliokuja kwa moyo mkunjufu wakizimika mmoja baada ya mwingine kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, wa Marekani pia, wakachapisha dodoso la kuipima. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliieleza katika orodha yake ya magonjwa, lakini likaeleza wazi kwamba yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa: ni hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kudhibitiwa. Ina sura tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu, na hayo ndiyo yale maangalizi yako ya viatu asubuhi. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi hadi kuichukia au kuwaona unaowahudumia kama kero, na hapo ndipo ulipomvuta bibi mkono. Ya tatu ni kuona kwamba kazi hutaiweza tena, na ndilo swali ulilomalizia. Barua yako fupi imezitaja zote tatu.

Sura ya pili naifahamu vizuri. Katika mwaka wangu wa 12 kazini nilikuwa nimeanza kuwaita wazee kwa namba za vitanda bila mwenyewe kujua. Siku moja nikamwambia mwenzangu wa zamu, mtu wa Pemba asiye na maneno mengi, kwamba kitanda cha 6 kimejikojolea. Akaweka ndoo chini, akanitazama, akaniuliza, "Kitanda kinajikojoleaje?" Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Kwa hiyo siwezi kukuita mtu mbaya, lakini pia sitakuambia upumzike wikendi moja na mambo yatakwisha. Neno la kushika katika maelezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba hali hii inatoka kazini. Watu 3 wakifanya kazi ya watu 8, hakuna sala wala chai ya tangawizi itakayoiziba hiyo hesabu.

Kabla ya yote, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kisukari huchosha mwili kwa namna inayofanana sana na uchovu wa kazi. Mwambie daktari pia kama huzuni inakufuata nyumbani, kama hata siku ya mapumziko hufurahii ulichokuwa ukikifurahia, na hasa kama umewahi kutamani usiamke. Hapo tunazungumzia sonona, ambayo ni ugonjwa na ina matibabu yake, na haifai kungoja kwa kisingizio cha uchovu.

Baada ya hapo, tuliangalie lile swali la mara 9, kwa sababu sehemu kubwa ya uchovu wenu inatokana na kutumwa kuwahudumia wazee wenye ugonjwa wa kusahau bila kufundishwa namna ya kuzungumza nao. Bibi anayeuliza mwanawe atakuja saa ngapi haulizi saa. Huenda ana kiu, au kibofu kimejaa, au jua linazama na moyo unamwambia kwamba huu ndio wakati watoto hurudi nyumbani. Ukimwambia mwanawe alikufa, unamfisha upya kila jioni, na ukimwambia atakuja kesho unajitafutia swali la kumi. Jaribu kumwambia, "Unamkumbuka mwanao. Alikuwa anapenda kula nini?" Kisha mpeleke msalani, mpe maji, umpe na kitu cha kushika, kama mchele wa kuchambua au taulo za kukunja. Washeni taa kabla giza halijaingia, na redio ipunguzwe sauti ifikapo saa 12 jioni. Swali litarudi, lakini litakukuta ukiwa na la kufanya, na mtu mwenye la kufanya hachoki sawasawa na anayepigwa na swali lile lile mikono mitupu.

Tulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyetupiga mateke kila tulipomwogesha. Tulipanga kwamba asiogeshwe na mhudumu yule yule siku mbili mfululizo, na huo ulikuwa ulinzi wetu. Ilichukua miezi kadhaa hadi muuguzi mgeni alipogundua kwamba mateke huanza tunapoinua mkono wake wa kulia: bega lilikuwa limekaza na lilimuuma. Daktari akaagiza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kuoga, tukaanza kumvalisha shati kwa mkono ule kwanza, na mateke yakapungua mno. Nilijilaumu kwa muda mrefu kwamba tulimwita mkorofi.

Kwa upande wa zamu, fanyeni mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, kukabidhiana zamu kuwe kwa kukaa, dakika 10, na baada ya taarifa za dawa na vidonda kila mmoja aulizwe ni nani amemchosha siku hiyo, ili mzee huyo kesho apewe mwingine. Pili, mkubaliane neno moja ambalo mhudumu akilisema, aliye karibu anachukua nafasi yake papo hapo bila maswali. Sisi tulisema "naenda kuanika". Mtu aliyekuwa akitetemeka kwa hasira alitoka uani, akavuta pumzi kwenye kamba ya mashuka, akarudi. Neno hilo lingekutosha siku ile. Tatu, mgeuzeni mgonjwa wa kitandani mkiwa wawili, kwa shuka la kugeuzia, kwa kuwa mgeuzo wa kila saa mbili ukiufanya peke yako unakuvunja kiuno, na maumivu ya kiuno hayakai mbali na ukali.

Jambo la nne linahitaji karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4 na zilipwe mara moja na nusu, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mapumziko ya saa 12 yanaweza kupunguzwa, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti, si kwa kuambiwa kwenye korido. Kwa wiki 2 andika kila siku: umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, mlikuwa wangapi, na nini hakikufanyika kwa sababu ya uchache wenu. Andika mzee ambaye hakugeuzwa, na dawa ya saa 2 iliyotolewa saa 4. Mpelekee afisa mfawidhi karatasi hiyo mkiwa wote, na nakala ibaki kwa mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi. Wengi katika sekta hii wamo TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Mfawidhi naye anahitaji karatasi ya kuonyesha anapoomba watumishi. Malalamiko ya mdomo hayawezi kuambatanishwa kwenye barua yake.

SWALI

Bibi yangu alipata kiharusi akatunzwa nyumbani miaka 5, na sikuwahi kusikia mtu akisema amechoka. Je, hizi habari za uchovu wa kuhudumia wazee si mambo ya kuiga kutoka nje, ya watu wasiopenda kazi?

*Msomaji, Tanga*

JIBU

Nakuomba umkumbuke aliyekuwa akiyafua yale mashuka. Kwa kawaida alikuwa mtu mmoja, mkamwana au binti aliyeachishwa shule kwa ajili hiyo, na aliyechoka alikuwepo humo humo ndani ya nyumba, hakuna aliyemuuliza. Wengine walimzunguka bibi kwa zamu ya mazungumzo, na hilo nalo lilisaidia, maana mzee wa nyumbani alikuwa na wajukuu wa kumpigisha soga na majirani wa kumpitia. Mhudumu wa makazi ana wazee 10 kwa wakati mmoja, hawezi kumpigia mjomba simu kwamba leo ni zamu yake, na anapofika kwake jioni huenda anamkuta mama yake mwenyewe anangoja kuogeshwa.

SWALI

Mama, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, ninafanya kazi Uingereza ya kuwatembelea wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaosha, kuwapa chai na dawa, kisha ninaendesha gari kwenda kwa mwingine. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 4 usiku, lakini nalipwa dakika za kuwa ndani ya nyumba tu. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri, kwa hiyo nanyamaza. Mwezi uliopita mzee niliyemhudumia mwaka mzima alifariki. Sikuambiwa. Jina lake halikuwepo tu kwenye orodha ya simu asubuhi ile, na saa yake alikuwa amewekwa mtu mwingine. Nilimpikia huyo mwingine uji nikiwa nalia. Nyumbani wanadhani nina pesa, kila wiki kuna ombi, nami nachukua zamu za ziada. Nifanye nini?

*Mwanamke wa Pwani, Uingereza*

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba, maana ulikuwa msiba. Umemwosha mtu mwaka mzima, unajua sukari ngapi anatia kwenye chai na goti lipi linamuuma, halafu unaondolewa maishani mwake kwa kufutwa jina kwenye simu. Kazi yetu ina huzuni ambayo haina matanga: aliyefiwa rasmi ni familia, wewe unatakiwa kuwahi nyumba inayofuata. Huzuni ya namna hiyo isipopewa mahali, hujilimbikiza, na mhudumu aliyezikusanya nne au tano huanza kujizuia kumpenda wa sita. Waandikie wasimamizi ujumbe mfupi ukiomba kwamba mteja akifariki uambiwe kwa simu na mtu, kabla ya ratiba kubadilishwa. Ni ombi dogo na halina gharama. Wapelekee pia familia ya marehemu kadi ya rambirambi, ukipitisha kwa ofisi kama utaratibu wao unataka hivyo. Kule kadi hupokelewa vizuri kuliko sisi tunavyodhani. Na siku moja, ukiwa kwako, msomee dua au mwombee kwa desturi yako, umtaje kwa jina.

Kuhusu malipo, mambo ni wazi kuliko unavyoambiwa. Kwa sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Uingereza, muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unahesabiwa kuwa muda wa kazi. Usiohesabiwa ni ule wa kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza. Andika safari zako, jumlisha saa zote, kisha ugawanye mshahara wako kwa saa hizo uone kama unafika kima cha chini. Wiki ya kazi, kwa wastani, haizidi saa 48, isipokuwa mwenyewe umetia saini ya kukubali kuzidisha, na saini hiyo unaweza kuiondoa kwa taarifa ya maandishi. Kati ya siku mbili za kazi una haki ya saa 11 za mapumziko. Ukitoka nyumba ya mwisho saa 4 usiku, basi asubuhi hutakiwi kabla ya saa 3. Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, hutoa ushauri wa bure kwa simu, nao si maofisa wa uhamiaji. Chama cha wafanyakazi kama UNISON nacho huwapokea wahudumu wa wazee.

Hofu ya viza siidharau. Ajira mpya za wahudumu kutoka nje ya nchi zilifungwa Julai 2025, na anayepoteza mdhamini kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Kwa sababu hiyo usiache kazi kwa hasira ya siku moja. Tafuta mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini ukiwa bado kazini, na maswali ya viza umuulize mwanasheria aliyeidhinishwa, usimuulize rafiki wa kikundi cha WhatsApp. Kwa upande wa moyo, ukiwa England yenyewe (si Scotland wala Wales) unaweza kujiandikisha mwenyewe katika huduma ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, bila kupitia kwa daktari, na hulipi.

Limebaki la nyumbani, na hapa nitasema kama mama. Watu wako hawajui, kwa sababu unawatumia fedha na picha ulizopiga kando ya gari. Pangeni kiasi kimoja kwa mwezi, kitumwe tarehe moja, kipite kwa mtu mmoja mwenye akili, na maombi mengine yote yaelekezwe kwake. Kila ombi dogo la katikati ya mwezi ni zamu moja ya ziada, na zamu hiyo unailipa kwa usingizi. Mwambie dada yako saa unazotoka na kurudi. Mwambie kwa namba, kama ulivyoniambia mimi.

SWALI

Salamu, Mama. Ninaendesha wakala wa wahudumu wa wazee majumbani hapa Nairobi. Wahudumu wangu wengi hulala kwa mteja. Ninawafunza vizuri, lakini baada ya miezi 3 au 4 wanaacha, na wengine wanazima simu. Nimetenga fedha za kumleta mhamasishaji awape moyo kwa siku nzima. Unashauri nini zaidi?

*Mkurugenzi, Nairobi*

JIBU

Nashauri usimlete. Wahudumu wako watasikiliza, watakula chakula cha mchana, na jioni watarudi kulala kwenye godoro chini ya kitanda cha mzee anayeamka mara 5 usiku.

Maslach, niliyemtaja juu, pamoja na mtafiti mwenzake Michael Leiter, walitaja sehemu sita ambazo mtumishi akivunjika, huvunjikia hapo: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, ushirikiano na wenzake, haki, na kulingana kwa kazi na anayoyaamini. Moyo wa mhudumu haumo katika orodha hiyo. Nikiitazama kazi ya kulala kwa mteja, naona sehemu tatu zinazovuja zaidi.

Wingi wa kazi ndio wa kwanza. Mkataba unasema amhudumie mzee, lakini kufikia mwezi wa pili anafua nguo za nyumba nzima na kuwapikia wageni wa Jumapili, kwa sababu "yupo tu". Hili ni lako, si lake; yeye hawezi kumkatalia mwenye nyumba anayelala kwake. Andika kwenye mkataba kazi zisizomhusu, uzisome kwa sauti mbele ya familia siku ya kwanza, na upige simu mwishoni mwa kila wiki kuuliza. Familia itakayokataa, waache waende. Mteja mmoja anayekumalizia wahudumu watatu kwa mwaka amekwisha kula faida yako.

Wa pili ni usingizi. Siku moja ya mapumziko katika kila siku 7 na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka zimo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, na nadhani unazijua. Usiku ndio unaosahaulika. Mzee anayeamka mara nyingi anahitaji mtu wa usiku aliyelala mchana, au mwanafamilia achukue usiku mbili kwa wiki. Sema hivyo unapotaja bei. Ukiogopa kumpoteza mteja kwa bei ya kweli, unamlipisha mhudumu tofauti hiyo kwa macho yake.

Wa tatu ni upweke. Muuguzi wa wodi ana mwenzake wa kumuuliza "kitanda kinajikojoleaje?", lakini msichana aliyefungiwa kwenye nyumba ya mtaa wa Runda au Lavington na mzee asiyemtambua hana. Wakutanishe mara moja kila wiki 2, wakiwa wachache, kwa saa wanazolipwa, bila wewe kuwepo. Mzee akifariki, mhudumu wake asipelekwe nyumba nyingine siku inayofuata. Mpe siku 3 na nauli ya kwenda mazishini kama familia imemkubalia.

Kuhusu wale waliozima simu, wapigie kwa namba nyingine, usiwalaumu, uwaulize jambo moja tu: ni siku gani waliamua kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini. Watano wakikujibu, utakuwa umejua mahali pa kuanzia. Na zile fedha za mhamasishaji zinatosha, kwa hesabu yangu ya haraka, kumlipa mhudumu wa akiba kwa wiki kadhaa, ambaye kazi yake ni kwenda kumpokea mwenzake kila anapofikia siku yake ya kulala.